Mdogo Wangu na Hoteli ya Kando ya Mto

Mimi ndiye niliyesikia kwanza kwamba ile hoteli ndefu ya kando ya mto inatafuta wasichana wa kutandika vyumba. Nilimchukua mdogo wangu kwa sababu sikutaka kwenda peke yangu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na Kifaransa changu kilikuwa kizuri. Yeye alikuwa ameachia masomo njiani. Bwana aliyetupokea alituuliza maswali machache, akanishukuru mimi, akamwambia yeye arudi Jumatatu kuanza kazi.

Tulitembea hadi mtaani kwetu Bel-Air. Nyumbani Mama alimkumbatia, kisha akanigeukia: "Na weye, makala iko inje. Mvula itailowesha." Alimaanisha makaa niliyouza barabarani.

Mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Baba alifanya kazi machimboni, lakini mshahara ulichelewa, na ulipofika haukutosha unga. Mdogo wangu ndiye aliyetulisha. Alileta mikate iliyobaki mezani kwa wageni na vipande vya sabuni ambavyo harufu yake ilikaa kwenye nywele zake. Wakati wa kula alituhadithia kuhusu asansere iliyopandisha watu ghorofani, mazulia, na wanawake walioacha nyama nusu kwenye sahani. Baba, ambaye hakuwahi kuniuliza lolote kuhusu masomo yangu, alimuuliza tena na tena mto unaonekanaje kutoka juu. Mimi niliosha vyombo kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika.

Halafu asubuhi moja wanajeshi wasiolipwa walianza kuvunja maduka ya mjini, na watu wakaingia nyuma yao. Baba alikuwa machimboni. Mdogo wangu alikuwa hotelini.

"Enda umutafute mudogo yako," Mama alisema. Hakuniuliza kama naogopa.

Njiani nilipishana na watu waliobeba milango, viti, hata beseni la kuogea. Kwenye mlango wa hoteli vioo vilikuwa vimemwagika chini, na mwanaume mwenye godoro kichwani alinipisha kwa adabu: "Pardon, mama." Asansere ilikuwa imekufa. Nilipanda ngazi nikichungulia kila ghorofa. Mapazia yalikuwa yamechanwa, mabomba yameng'olewa, maji yanatiririka kwenye zulia. Hata ikiwa imevunjwa vile, niliitamani. Niliwaza kwamba mdogo wangu alikuwa akitembea hapa kila siku wakati mimi nikipima makala barabarani.

Nilimkuta juu kabisa. Alikuwa ameketi kitandani kando ya mama mzee aliyevunjika nyonga, mjane wa mfanyabiashara wa malori kutoka Kivu. Mzee huyo aliishi pale akingoja wanawe wampeleke Zambia kutibiwa.

"Yaya, umekuya," mdogo wangu alisema, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake.

"Mama iko analia ku nyumba. Tutoke."

"Siwezi kumuacha. Bengine bote balikimbia."

Basi tulimketisha kwenye kiti, tukamfunga kwa shuka, tukaanza kushuka. Mdogo wangu alishika nyuma. Mimi nilishika miguu ya kiti, upande wa chini, ambako uzito wote huangukia, nikishuka kinyumenyume. Yule mzee alinitazama usoni njia nzima, lakini maneno yake yote yalikuwa ya aliye nyuma yake. "Polepole, binti yangu. Mungu akubariki, binti yangu."

Chini mwanajeshi alituzuia. "Munabeba nini?"

"Mama yetu, mugonjwa," mdogo wangu alijibu. Mwanajeshi aliangalia ule mguu uliovimba, akatuachia njia.

Uani tulimkuta mwana wa yule mzee. Alikuwa amefika na gari lililojaa ndugu na mizigo. Tulipomwingiza mama yake, mzee alimshika mdogo wangu mkono.

"Huyu aende na mimi. Nani atanihudumia njiani?"

"Nafasi imebaki moja tu, Mama," mwanawe alisema.

Mdogo wangu alinitazama. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyebeba uzito, mimi ndiye niliyejua Kifaransa. Hakuna aliyeuliza.

"Enda," nilisema. "Mama nitamwambia mimi." Nguo yake ilikuwa imechanika ubavuni, kwa hiyo nilifungua kikwembe changu, kitenge nilichojifunga juu ya gauni, nikamfunga.

Aliishi Ndola, Zambia, na familia ile, na mzee alipopona wakamkabidhi nyumba yao ya wageni aiendeshe. Habari zake tuliletewa na madereva wa malori, na kila habari Mama aliipeleka kwa majirani wote. Mimi niliendelea na makala. Baba alipofariki, tulibaki wawili, na Mama alipougua, ni mimi niliyemwogesha, niliyemlisha bukari laini ya unga wa mahindi kwa vidole, hadi mwisho.

Mdogo wangu alifika baada ya mazishi, amevaa viatu vizuri, uso umevimba kwa kulia. Tulikaa jikoni.

"Yaya, nilikuwa naona wivu kila siku," alisema. "Weye ulikuwa na Mama."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nilikuwa na kitu cha kuonewa wivu. Nililionja neno lile, na sitasema kwamba halikuwa tamu.

Kisha akauliza, "Mwisho Mama alisema nini?"

Ningeweza kumwambia lolote. Chumbani siku ile tulikuwa wawili tu, mimi na Mama.

"Alikuita weye," nilisema, na ndio ulikuwa ukweli. "Siku yote alikuita weye."

Alilia sana. Nilimshika mabega, na hata pale, nikimbembeleza, nilimwonea wivu.