Pawatila haikupita kwenye mchicha wangu

Leo nimekaa chini katikati ya tuta la mchicha ili pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono, isipite kulilima.

Shemeji ndiye kaileta kutoka Kilosa mjini, bila hata kuniuliza. Eti anaona aibu, bustani ya kaka yake imejaa mabua na majani makavu.

Mama mkwe naye akatokea. Nikamwamkia shikamoo bila kunyanyuka, Mungu anisamehe.

"Marahaba. Enzi za Ujamaa, mwanamke asiyelima alisemwa mkutanoni!"

"Nisemeni tu, mama. Mimi silimi, nafunika udongo usikauke."

Shemeji akazima mashine. Wakaondoka wamenuna.

Mchana mama mkwe kanitumia ujumbe: anaomba mchicha, wake umekauka.

Nimempelekea. Na mzigo wa majani makavu juu.

Mawifi, njooni mnigombeze hapahapa kwenye maoni.