Mlima wa Mama Carmel

Saa kumi na moja alfajiri, kijiko kinagonga kopo jikoni, pole pole. Tharcisse Bukuru anakoroga rangi ya kijivu asimwamshe mke wake.

Dirisha la ghorofa ya tisa, mtaa wa Flemingdon Park huko ughaibuni, linatazama bonde la mto Don. Ukungu unapanda kutoka mtoni. Anautazama, anaongeza bluu kidogo, kisha anaupaka juu ya mlima ulio kwenye turubai.

"Ukungu ni wa hapa, mlima ni wa kwetu," anasema.

Tharcisse, mwenye miaka 54, alikulia Uvira, mashariki mwa Kongo. Baadaye atapanda basi kwenda kiwandani, asimame kutwa nzima akipanga mikate kwenye masanduku. Picha huwauzia waumini wenzake wa kanisani, watu wa kwao, kwa dola themanini kila moja. Karibu nusu ya fedha hizo huishia kwenye rangi na turubai.

Wateja hawataki mlima ulivyo leo. Wanautaka ulivyokuwa walipouacha: moshi wa asubuhi, wingu la mvua, njia isiyo na mtu.

"Nikichora jua kali wananirudishia. Wanasema nimewaletea kalenda," anasema akicheka.

Picha hii ni ya Mama Carmel wa mtaa wa Parkdale, mjane wa miaka 81 kutoka milima hiyo hiyo ya Uvira. Macho yake yanafifia, na daktari amesema hayatapona. Binti yake, Pulchérie, anayetunza wazee mchana kutwa, aliomba mlima wa kwao uchorwe mama angali anaona.

Mara ya kwanza alipoletewa picha, Mama Carmel alisema moshi umesahaulika. Mara ya pili ulikosekana mgomba nyuma ya nyumba. Mara ya tatu, njia ya kisimani ilipinda vibaya. Kila mara alimpa Tharcisse chai na kumsimulia waliopita njia ile, mmoja mmoja.

Jumamosi saa nne, Tharcisse anaileta mara ya nne. Mama Carmel anasogeza uso hadi pua inakaribia turubai. Anafuata njia kwa kidole mpaka mlangoni pa nyumba. Pulchérie anapigilia msumari ukutani.

"Kushoto kuna mlima mwingine," mama anasema. "Hujauweka."

Tharcisse anajua upande ule hakuna mlima. Ni ziwa tu. Anaitundika picha ili mama abaki nayo, anasema atakuja na brashi, kisha anauliza mlima huo ulikuwa wa rangi gani.

"Nimesahau kidogo, mwanangu. Njoo Jumamosi ijayo, nitakuwa nimekumbuka."