Rangi Alizoziona Wifi

Watu hudhani sisi wabunifu wa matangazo tukikutana tunazungumza sanaa. Thubutu. Tunawasengenya wateja: yule anayetaka nembo ikuzwe halafu ipunguzwe halafu irudi ilivyokuwa, na yule anayesimama nyuma ya mgongo wako akigusagusa kioo cha kompyuta kwa kidole chenye mafuta. Mimi na Herufi tulizungumza hayo miaka yote ambayo maduka yetu yalitenganishwa na ukuta wa mbao. Mchana haukupita bila yeye kuugonga. "Dada, njoo umsikie huyu wa leo."

Tulimwita Herufi kwa sababu alianza na brashi, kabla kompyuta hazijaingia, na herufi zake zilisimama zikasimamika. "Herufi hata mtoto anachora," alikuwa akisema. "Kazi ni ile nafasi kati ya moja na nyingine." Lakini wateja walifuata rangi. Mtaa mzima ulizisifu, nami, nisiseme uongo, wivu ulinikaba.

Pembeni yake aliketi mkewe, ambaye kwa huo udada wa jirani nilimwita wifi. Alikuwa akishona vifungo vya mashati ya watu huku akimrushia mumewe maneno. "Hiyo nyanya bado mbichi, baba. Iivishe. Iivishe tena. Hapo, acha." Nilidhani ni mke mwenye kidomodomo aliyempata mume mpole.

Kisha wifi akasafiri kwenda kumuuguza dada yake, na Herufi akatoa bango la bucha peke yake. Nyama ilikuwa ya kijani. Si kijani cha kubahatisha. Kijani hasa, kinang'aa. Mwenye bucha alilitazama, akauliza taratibu kama huyo ng'ombe alichinjwa au alichumwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilimwona Herufi akilikagua lile bango juu mpaka chini, akitafuta kinachochekesha, asikione. Nikaelewa. Nikafunga mdomo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Wifi alipofariki, Herufi akabaki na kazi nyeusi na nyeupe tu: mihuri, vitabu vya risiti, matangazo ya vyumba vya kupanga. "Ndiyo mtindo wa sasa," aliwaambia wateja. Ukuta ukakaa kimya. Jamani, niliukosa ule ugomvi wao wa nyanya kuliko nilivyotarajia, na mpaka leo naukosa.

Basi binti yao akachumbiwa. Akaja dukani, akasema, "Baba, kadi za harusi utanitengenezea wewe. Na nataka rangi, si huu weusi wako wa matanga." Herufi akaitikia kwa kicheko. Binti alipoondoka tu, akaja kwangu, akafunga mlango.

"Dada, nitamwaibisha mwanangu mbele ya wakwe."

"Najua, kaka. Tangu ile nyama."

"Basi njoo ukae nami."

Nikaenda nikakaa. Nikaanza kitaalamu: punguza bluu asilimia kumi, ongeza njano. Akanikatiza. "Usinipe namba. Inafanana na nini?"

Maisha yangu yote nimekula kwa rangi, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. "Kama… kama ufizi wa mtoto," nikasema. "Haya. Na hii?" akauliza. "Chai iliyozidi maziwa." Akacheka, akasogeza. Tuliendelea hivyo mpaka koo likanikauka. Nilimkumbuka wifi hata machozi yakanitoka, na Herufi hakuona kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Binti alipokuja kuzichukua kadi, alitoa moja, akaisogeza dirishani penye mwanga.

"Baba, hizi ni rangi za mama kabisa."

"Shangazi yako amenisaidia."

"Na wewe unazionaje?"

Angeweza kusema ni nzuri, kama alivyowaambia wateja miaka yote.

"Sizioni, mwanangu," akasema. "Hata za mama yako sikuwa naziona. Nilikuwa namwamini tu."