Duara la Bunge Uani kwa Bibi

Juzi televisheni ilionyesha ukumbi wa Bunge, viti vimezunguka duara, na wivu wangu wa zamani ukaamka.

Tulipokuwa watoto, dada yangu Sabina alikuwa amerudi kutoka Dodoma kutembelea Bunge na wanafunzi wenzake. Mimi niliachwa kwa sababu ya homa. Mchana ule tulikuwa uani kwa bibi, kijijini Kwihara, harufu ya viazi vitamu ikitoka jikoni. Sabina alichora duara mchangani kwa kijiti.

“Bibi, Bunge limejengwa kama msonge!”

Sikuelewa kwamba alizungumzia umbo tu. Msonge nilioujua mimi ni ule alimozaliwa bibi, wa udongo na nyasi, wenye moshi na mbuzi ndani. Akilini niliwaona waheshimiwa wakikohoa na suti zao.

“Muongo! Uliishia getini!” nikasema, nikalifuta duara kwa mguu.

Sabina akalia. Nilingoja bibi amgombeze kwa kudanganya. Badala yake aliokota kijiti, akampa.

“Chora tena, mjukuu wangu. Kubwa. Na mlango uuweke.”

Sabina akachora. Bibi akakusanya kanga yake, akapita mlangoni taratibu, akaketi ndani. Mimi nilibaki nje, nikisubiri kuitwa.