Kitabu Kilichokaa Nyumba Nane

Wenzangu wa kisomo, mliniuliza nilikuwa wapi wakati ule nafasi yangu darasani ilipokaa wazi, nami nikawajibu kwa mkato kwamba nilikwenda Ufipa. Sasa nawaeleza vizuri, kwa mkono wangu mwenyewe. Anayetaka kuzicheka herufi zangu azicheke.

Mnajua marehemu mume wangu, Mwalimu Ambakisye, alikuwa mwandishi. Kile kitabu chake kikubwa kinasomwa mashuleni, hata watoto wenu wanakijua. Lakini alitoa na kingine, chembamba, cha hadithi fupi nane zenye michoro, kinaitwa Mbegu Kutoka Mwezini. Ni hadithi za mambo ambayo hayajatokea: watu wanalima mwezini, mvua inaagizwa kwa simu, mashine inagoma kwa sababu imechoka. Zilichapwa nakala chache, kiwanda kikafungwa, na mume wangu akazigawa kama karanga. Ya mwisho alimpa mwanafunzi wake Desideri, ambaye ndiye aliyeichora michoro ile, siku alipopangiwa kufundisha kwao Ufipa. Nyumbani haikubaki hata moja.

Siku hizo mimi sikujua hata a. Nilikuwa nauza mchele sokoni, nikirudi namkuta ameinamia karatasi zake, na nasema kweli, nilizionea wivu. Aliwahi kusema atanisomea, nikamwambia asijisumbue, nina mchele wa kupepeta. Kisha akafa. Kisomo cha watu wazima kilipokuja nikajiandikisha, nanyi mlikuwepo. Kile kikubwa nilikimaliza kwa jasho, nikabaki na kiu ya hiki kidogo. Nilitaka kukisoma mwenyewe na kukiweka kwangu. Sikuwa na sababu nyingine ya safari.

Jirani yangu aliposikia naenda Sumbawanga alinionya nisigombane na mtu, maana huko watu hutumiana radi. Nikamwambia mimi nagombana na kila mtu, kwa hiyo acha waanze kukusanya mawingu. Alfajiri nikapanda basi hapa Mbeya.

Hadi Tunduma tulikwenda salama. Baada ya hapo barabara ikawa ni habari ya matope na kushuka kusukuma. Laela tulikula ugali wa ulezi, mweusi na mzito, na dagaa wa Kirando, na abiria mmoja mwenyeji akanicheka nilivyoutazama kabla ya kuumega. Nilipomaliza nikaomba tonge jingine, akaacha kucheka.

Tulipozidi kupanda, miti ikapungua, ikawa nyasi na upepo na anga kubwa. Mashamba yao yana vilima vidogo vya udongo, vimepangwa hadi macho yanachoka. Wanafukia nyasi chini yake zioze, ndiyo mbolea yao. Mahali fulani kando ya barabara niliona kitu kirefu cha udongo, kinapita kimo cha watu wawili, chembamba juu, kina milango midogo chini. Utingo akaniambia ni tanuri la wazee, walimoyeyushia chuma zamani. Niliona baridi, nikajifunika khanga mbili.

Sumbawanga niliingia jioni. Nililala mtaa wa Mazwi kwa mtoto wa dada yangu, ambaye mumewe ni karani katika ofisi za mkoa ule mpya. Yeye ndiye aliyeniulizia habari za Desideri, na kesho yake akanitafutia lori lililokuwa linakwenda upande wa Namanyere kuchukua mahindi. Dereva alikubali kunishusha kijijini kwa Desideri na kunichukua siku ya pili asubuhi akirudi. Alisema atapiga honi mara moja tu.

Kijiji kile ni kipya, nyumba zimepangwa mistari, watu walihamia hapo kutoka mabondeni. Desideri alinijua nikiwa bado juu ya lori. Alikuja mbio, akainama, akapiga makofi taratibu kama desturi yao, akasema, "Shikamoo Mama." Nilipoona mvi kichwani mwa kijana niliyekuwa nampa wali jikoni kwangu, nililia kidogo. Tulipokaa nikamweleza nilichofuata.

Akasema kitabu kipo, ila hakipo pamoja.

Nilimtaka aseme Kiswahili cha kueleweka. Akaeleza kwamba alipoanzisha darasa la watu wazima, vitabu vya kisomo vilivyoletwa vilikuwa vya kilimo cha pamba, na pamba kule hailimwi, hakuna aliyewahi kuuona mpamba. Wanafunzi wakasinzia. Mwezi angalau wanauona. Basi akakifumua kitabu cha Mwalimu, akakitoa nyuzi, akatoa hadithi moja moja na kuzigawa katika nyumba nane. Nyumba ikimaliza hadithi yake, inaipeleka nyumba ya pili na kupokea nyingine, kama wanavyosaidiana kulima: leo kwako, kesho kwangu.

Wenzangu, nilikasirika. Nilimwambia, "Umekichana kitabu cha mume wangu." Desideri hakujitetea, alitazama chini tu, na hilo likanikera zaidi, maana mtu asiyejitetea utamgombezaje?

Mchana huo balozi wa nyumba kumi aliwaita watu. Akawaambia huyu ndiye mke wa aliyeandika, amekuja kuchukua kilicho chake. Nilitegemea manung'uniko. Badala yake wakaondoka mmoja mmoja, wakarudi na hadithi zao. Moja imefungwa katika kitenge, nyingine katika kopo la chumvi, nyingine imelazwa kati ya mbao mbili isijikunje. Kona zimelainika kwa vidole lakini hakuna ukurasa uliokosekana. Mzee mmoja aliponikabidhi yake alinisimulia yote, neno kwa neno, amefumba macho. Wakasema zile wameshazimaliza, zimezunguka kila nyumba, nichukue kwa amani. Hasira yangu ikaondoka, nikabaki na aibu ya kupokea.

Desideri alinionyesha mchoro wa chombo cha kwendea mwezini. Kilikuwa chembamba juu, na milango midogo chini. Nikamuuliza kama si lile tanuri la njiani. Akacheka, akasema alipokuwa anachora alikuwa hajawahi kuona chombo cha angani, akachora kitu pekee alichokijua kinachotoa moto na heshima.

Tulipohesabu, hadithi zilikuwa saba. Ya nane iko kwa Bibi Skolastika, akasema Desideri, na yeye hajaimaliza. Halafu, kwa sauti ya chini, akaniambia jambo lililonikalisha kitako. Hadithi hiyo inaitwa Mke wa Nahodha. Ni ya mwanamke aliyebaki duniani mumewe alipokwenda kwenye nyota. "Mama, yule mwanamke ni wewe," akasema. "Mwalimu aliniambia nikuchore ukitoka sokoni."

Sikungoja chai. Nilikwenda.

Bibi Skolastika alikuwa kibarazani anaanua ulezi. Ni mwembamba, rozari shingoni, jicho moja lina ukungu. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza kwa upole kuliko nilivyozoea. Akaingia ndani, akatoka na karatasi zimefungwa katika kitambaa cheupe. Akafungua penye mchoro. Mwanamke ana kapu la mchele kichwani, ameinua uso kutazama juu, na mkono mmoja umeshika kiuno, hivi ninavyoshika mimi nikichoka. Mume wangu aliniona kumbe. Miaka yote nilidhani anaona karatasi tu.

Bibi akatazama mchoro, akanitazama.

"Hapa ulikuwa mnene," akasema.

Kisha akaukunja mchoro akaurudisha kitambaani. Alisema hatoi. Anasoma mistari michache kila siku, jicho likikubali, na amefika katikati. Nikamwambia gari langu linaondoka asubuhi, nikamtajia njia rahisi: nitamsomea yote jioni ile ile, aujue mwisho, nami niondoke na kitabu changu kizima.

"Ukinisomea, mwanangu, utakuwa umesoma wewe."

Mimi ndiye niliyekaa darasani na watoto wa juzi kwa sababu hiyo hiyo. Nikaomba basi niisome kimya, peke yangu, nimwachie. Akatikisa kichwa. Alisema nikimaliza kabla yake, mwisho atauona usoni mwangu. Halafu akaniinamia.

"Usiniambie kama mume alirudi."

Nikamwambia wangu hakurudi, alikufa.

"Huyo ni wako. Pole sana. Wa kitabuni bado hatujui."

Akanikaribisha mkekani tusome wote, kwa mwendo wake. Kidole chake kilitembea chini ya maneno, akisoma kwa sauti, akikwama, akirudi nyuma. Mimi macho yangu yalikuwa yanakimbia mbele, nikawa nayavuta yarudi. Katika mistari ile mume wangu alikuwa anaeleza jinsi mwanamke anavyopepeta mchele huku anaongea na nyota, anaigombeza. Maneno yalikuwa yangu, niliyomgombezea yeye. Nililia, na Bibi akangoja nimalize ndipo akaendelea.

Mvua ilianza kunyesha, akatoka haraka kuokoa ulezi uliobaki. Karatasi zikabaki mapajani mwangu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa chini kabisa, nauona pembe yake. Wenzangu, hakuna aliyekuwa ananiona. Mkono ulikwenda hadi pale pembeni. Nikazifunga karatasi katika kitambaa chake, nikatoka kumsaidia kubeba ungo.

Asubuhi honi ililia mara moja kama ilivyoahidiwa. Desideri alikuwa ameshazishona zile saba kwa uzi wa magunia. Bibi Skolastika alinisindikiza hadi barabarani, akaniahidi kwamba akimaliza ataniandikia, mwenyewe. Nikamwambia nitangoja. Nilishukia Sumbawanga, nikalala tena Mazwi, na nikafika Mbeya nimelowa, na radi sikuipata.

Nilichojifunza si kikubwa. Kitabu nilichodhani kimechanwa kilikuwa kimewalisha watu. Kwa hiyo zile saba nazifumua tena. Kuanzia juma hili zitazunguka kwenu, nyumba kwa nyumba, na atakayezidondoshea mafuta tutagombana.

Barua ya Bibi ilifika jana. Niliifungua nimesimama, mlangoni. Herufi ni kubwa, mistari imepandana, na ujumbe wenyewe ni huu tu: "Nimemaliza. Nimekuwekea. Njoo usome mwenyewe."

Hakuandika kama mume alirudi. Nimeshakwenda kituoni kuulizia basi.