Kaveke, Mwethya na Kifungu cha Tisa

Kaveke Nyamai amekuwa nesi kwa miaka ishirini na sita, na kwa kumi na minne kati ya hiyo amekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kituo cha afya kisicho mbali na soko la Mbumbuni. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Mumewe Muli, mfugaji wa kuku na mtu wa maneno machache, husimulia kwamba siku ya kujadili mahari, wazee walikuwa wameshamaliza na kuanza kuvaa makoti yao, bibi harusi mwenyewe akawaketisha tena kwa sababu mbuzi wawili walikuwa wamesahauliwa. Kaveke hukanusha vikali. Anasema alikuwa mbuzi mmoja.

Mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwenye meza ya mazungumzo na serikali ya kaunti, umempeleka karamuni. Kaveke huenda na faili, kalamu tatu na ndizi mbivu, maana ameona vikao vingi vikivunjika kwa njaa tu. Kila baada ya miaka michache chama na kaunti huketi, hubishana, kisha hutia sahihi mkataba wa pamoja: mishahara, marupurupu, likizo, sare, zamu. Katika mkataba wote huo kuna mstari mmoja ambao Kaveke anauona kuwa wake. Ni kifungu cha tisa, kinachosema kwamba wodi ya kujifungulia haitaachwa na nesi mmoja usiku.

Kifungu hicho kilichukua miezi minane na mgomo mmoja. Kabla yake, aliwahi kuwa peke yake zamu nzima, kina mama wawili wakajifungua kwa wakati mmoja, naye akawa anakimbia kutoka kitanda hiki hadi kile akiwa na mikono miwili tu aliyopewa na Mungu. Wote walipona. Hata hivyo Kaveke aliogopa siku ile kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na mpaka leo akitaka kuisimulia huketi kwanza.

Sasa mwaka huu kaunti ilileta pendekezo. Mishahara, walisema, inakula karibu nusu ya fedha zote. Barabara zinabaki mashimo na dawa zinakwisha kabla ya mwezi. Kwa hiyo chama kitajadili mshahara wa msingi peke yake, na nyongeza haitapita kupanda kwa bei za bidhaa. Mengine yote yataamuliwa na wakubwa bila mjadala. Kaveke alilisoma mara mbili. La mshahara lilimuuma, lakini angeweza kulibishania. Yeye mwenyewe ndiye huwaambia wagonjwa kwamba dawa hazipo. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba kifungu cha tisa kilikuwa kinakufa.

Wananchi waliitwa Mbumbuni kutoa maoni yao. Kaveke hakuwa na wasiwasi sana, kwa sababu alikuwa na jeshi lake tayari, nalo ni mwethya.

Mwethya ni kikundi cha kina mama ishirini na wanne ambao kila Jumanne na Jumamosi huchimba matuta katika shamba la mmoja wao, ili mvua ikija isibebe udongo wote kuupeleka mtoni. Leo kwako, Jumamosi kwangu, na mwenye shamba ndiye anayepika. Mwenyekiti ni nani? Usiulize. Zamani wachimbaji na mwenye shamba walikuwa wakikubaliana juu ya chakula siku moja kabla. Walianza na maharagwe, wakaja chapati, halafu siku moja Katunge, ambaye ana duka na hapendi kushindwa, akawapikia pilau na soda. Baada ya hapo wanyonge wakaanza kuiogopa zamu yao. Mjane mmoja aliuza kuku watatu ili awalishe watu waliokuja kumsaidia. Kaveke akakasirika, akapiga marufuku: ni muthokoi, yale mahindi yetu ya kutwangwa, pamoja na chai ya rangi, na hakuna mjadala. Anayejadili atatozwa faini ya kopo la maharagwe. Wakanyamaza, wakala muthokoi. Naye akatembea kifua mbele miaka miwili bila kuona kwamba nesi wa chama alikuwa amegeuka kaunti nyumbani kwake.

Siku ya mkutano Mchungaji Kitonga alifungua kwa maombi, akaombea mvua, viongozi na ng'ombe, kwa mpangilio huo. Mutisya, afisa wa kaunti, kijana mstaarabu mwenye tai, akaeleza pendekezo na kukaribisha maoni. Kaveke alizungumza wa kwanza, na alizungumza vizuri. Kisha Mbinya Musembi, jirani yake na mkubwa wa umri katika mwethya, akasimama kumuunga mkono.

"Mimi ni mkulima," alisema Mbinya. "Nataka kusema hii maneno ya kaunti ni mzuri, na ni Sista Kaveke mwenyewe alitufunza. Sisi kwa mwethya tulikuwa tunajadiliana chakula. Tulikula mpaka tukataka kumaliza mwenye shamba. Sista akasema mjadala imeisha, ni muthokoi. Na ikaisha. Sasa kaunti ni kama mwenye shamba. Ikisema muthokoi, ni muthokoi."

Akaketi, akamtabasamia Kaveke kama mtu aliyemletea zawadi. Maskini, kweli alidhani anamsifu. Watu walicheka hadi viti vya plastiki vikalia. Mutisya hakucheka, lakini aliandika kwa bidii kubwa.

Kaveke alisimama polepole. Alijua anachohitaji: jibu moja tu kutoka kwa Mbinya, litakaloonyesha kwamba chakula cha shambani na wodi ya wazazi si kitu kimoja. Akatafuta swali.

"Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba kwa heshima ya umri wake, "yale matuta tumechimba kwako tangu tuanze muthokoi, yanashika maji?"

"Yale ya zamani yanashika," Mbinya alisema. "Haya mapya si sana. Ni mafupi."

"Mafupi kwa nini?"

Mbinya aliwatazama wenzake. Hakuna aliyetaka kumsaidia. "Watu wanaenda nyumbani mapema. Wanasema mgongo. Lakini wakati ya chapati mgongo haikuwa inauma mtu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuambie nani, na kusema ni faini?"

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Miaka miwili Kaveke alikuwa akiona matuta yakipungua kimo, akidhani ni uzee wa wanachama. Alikuwa ameuliza ili ashinde, na sasa aliona aibu mbele ya tarafa nzima, akajua pia kwamba aibu hiyo ni haki yake.

Mutisya akakohoa, akasema muda umekwenda, kwa hiyo wanaopinga pendekezo wainue mikono. Walimu wawili na dereva wa kaunti wakainua. Mwethya, safu mbili nzima za vitambaa vya kichwa, haukusogea. Kaveke akageuka kuwatazama.

"Kwanza chakula," alisema Katunge, mikono imekunjwa kifuani.

"Hapa? Mbele ya afisa?"

"Afisa anaweza kungoja. Sisi tumengoja miaka mbili."

Basi wakajadiliana. Soda za wageni zilipata joto, mchungaji akasinzia, na Mutisya, ambaye hakuwahi kufundishwa hali kama hii, akaweka kalamu chini. Kaveke alianza kwa kutoa maharagwe. Wakasema maharagwe ni yao tangu zamani. Akatoa maziwa ndani ya chai. Wakayachukua, wakaomba chapati. Kaveke akataka iwe Krismasi, wao wakataka kila Jumamosi, wakakutana kwenye mara moja kwa mwezi. Alijua kila mbinu waliyotumia, maana wengi wao alikuwa amewasimulia yeye mwenyewe wakiwa mtaroni. Kisha yule mjane wa kuku watatu, ambaye hakuwa amesema neno, akaomba kitu kimoja: mwenye shamba akikosa, aseme tu kwamba leo hana, na kila mchimbaji aje na chake.

Hilo halikuwa limemjia Kaveke akilini. Alikuwa ameweka sheria nzima kwa ajili ya mwanamke huyu, na hakuwa amemuuliza hata siku moja. "Tumekubaliana," alisema, na sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilihitaji kipaza.

Mikono ikainuka ya mwethya wote isipokuwa mmoja. Mbinya alikuwa ameshika mkoba wake magotini.

"Mama, wewe unaunga mkono kaunti?" Mutisya aliuliza kwa matumaini.

"Mimi bado naona hawa watu wa mshahara wanakula mingi," alisema Mbinya. "Mimi nalima, na hakuna mtu ananiongeza mvua. Hapo siinui. Lakini ile ya manesi wawili usiku, andika hiyo peke yake."

"Fomu haina nafasi ya hivyo."

"Geuza karatasi."

Mutisya akageuza. Mbinya akasimama, akaongea taratibu ili kijana asipitwe.

"Andika, Mbinya Musembi, mkulima. Mke wa kijana yangu alizaa hapo kwa kituo, damu ikakataa kusimama, na mtoto alikuwa hapumui. Sista Kaveke akashika mama. Ule nesi mwingine akashika mtoto. Wote wako nyumbani. Kama nesi angekuwa mmoja, kaunti iniambie angeacha nani."

Kisha akainua mkono, akaushikilia juu, ingawa hakuna aliyekuwa ameitisha kura ya jambo hilo.

Mutisya aliandika mpaka mwisho. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akamtazama Kaveke, akamuuliza kama chama kina la kuongeza.

"Hapana," alisema Kaveke. "Peleka hivyo hivyo."