Majirani Waliokuja na Unga

Nakumbuka siku moja kule Igowole, mwanangu, nililia kwa sauti hadi majirani wakaja na unga. Nilikuwa darasa la nne. Baba alikuwa amechukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda vita vya Kagera, na jioni hiyo redio ilikuwa imetangaza mapigano makali. Niliingia jikoni, nikaiona kofia yake imetundikwa msumarini, nikaangua kilio.

Sasa kwetu, kilio kikisikika kwenye nyumba watu hawaulizi. Wanaacha majembe, wanachota unga kwenye vikapu, wanakuja msibani. Akina mama wakajaa uani, na bibi akabaki kuwaomba radhi, uso umemshuka. Walipoondoka akanishika bega.

"Baba yako yuko hai, unamlilia nini? Unataka kumwitia msiba? Nisisikie tena!"

Akaniwekea mahindi nipukuchue. Simlaumu, maana aliyekuwa vitani ni mwanawe wa kumzaa, na hofu yake ilizidi yangu. Ila mimi nilimtii kupita kiasi. Baba aliporudi mzima, mama alipiga vigelegele, nyumba ikajaa watu, nami nikaendelea kupukuchua mahindi. Wakanisifu, eti mtoto ana moyo. Moyo gani! Kilio kilinikwama hapa kooni, kikakaa humo mpaka nikawa bibi mwenyewe. Hata baba alipozeeka na kufariki, nililia nusunusu.

Mwaka huu mjukuu wangu Neema aliniletea hapa Soweto, Mbeya, kitabu cha katuni. Nilimcheka sana, mzee kama mimi na katuni wapi na wapi? Kumbe mama mmoja wa nchi ya mbali amechora utoto wake wakati wa vita: foleni ya mkate, watoto wakisoma kwenye handaki, mama akipika huku sikio liko redioni. Ukurasa mmoja hauna neno hata moja. Baba aliyetoka vitani amesimama mlangoni na begi lake, na binti yake anaangalia vidole vyake mwenyewe tu, kama mimi na mahindi yangu.

Nililia, mwanangu. Nililia kama siku ile, mpaka jirani akaingia mbio akijifunga kitenge.

"Jamani, kuna nini humu? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Baba amerudi."

Tangu hapo napumua vizuri, nashukuru.

Kwa hiyo kitabu cha namna hiyo usikidharau kwa sababu ni katuni. Kisome taratibu, na kurasa zisizo na maneno usizipite mbio. Ukimaliza mpelekee mzee wako, kaa naye, na akilia usimnyamazishe. Mtoto naye mwache alie amalize. Majirani wakija, utawaeleza.

Mungu akuepushe na vita, mwanangu. Na wale unaowangoja awarudishe wazima, nawe uwakimbilie mlangoni, ulie kwa furaha mpaka unga uletwe.